Bustani ya Majini Katika Pembe Yenye Kivuli

Si nyumba chache za Kamembe, wilayani Rusizi, zilizojengwa juu ya miteremko inayolitazama Ziwa Kivu. Nje, jua humulika maji hadi ng'ambo ya Bukavu. Ndani ya sebule mambo huwa mengine. Baraza ni pana, madirisha ni madogo, na mapazia huteremshwa mchana ili viti visichujuke rangi. Katika pembe ya sebule ya namna hiyo ndimo mwenye nyumba anapotamani kuweka tangi la kioo lenye samaki wachache na mimea hai, ili wageni wapate cha kutazama na watoto wapate cha kujifunza.

Mara nyingi tamaa hiyo huishia katika majuto. Tangi huletwa, maji hutiwa, mimea iliyovutia macho sokoni au kando ya kijito hupandwa. Wiki ya kwanza kila kitu hupendeza. Wiki ya tatu majani ya chini hugeuka manjano, mashina hulegea, na maji huanza kutoa harufu. Hapo mwenye tangi hudhani kwamba dawa ni taa kali. Hununua taa, huiwasha tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na baada ya siku kumi ukoga wa kijani huwa umeufunika ukuta wote wa kioo. Basi tangi hupelekwa uani, likageuzwa kuwa pipa la kukingia mvua.

Kosa halikuwa la pembe ile yenye kivuli, wala halikuwa la mimea. Kosa lilikuwa kutotambua kwamba mmea wa majini, kama mmea mwingine wowote, huishi kwa mambo kadhaa yanayokwenda pamoja: mwanga, hewa ukaa, madini na joto. Lililo haba kuliko yote ndilo litawalalo mengine. Mwanga ukiongezwa ilhali hewa ukaa na madini ni kidogo, mmea hauwezi kuutumia. Ukoga ndio utakaoutumia. Mwanga ukiwa kidogo na mimea ikachaguliwa kwa kuzingatia hali hiyo, madai mengine yote hupungua, na bustani hustawi taratibu bila gharama kubwa.

YUNGIYUNGI DOGO LA MASHYUZA

Wakazi wa Rusizi hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa jambo hili. Katika uwanda wa Bugarama, sehemu ya Rwanda iliyo chini kuliko zote, ziko chemchemi za maji ya moto za Mashyuza. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Eberhard Fischer, alikuta huko yungiyungi ambalo halikuwa likijulikana na wataalamu wa ulimwengu. Lilipewa jina la Nymphaea thermarum, maana yake yungiyungi la chemchemi za moto. Ndilo dogo kuliko mayungiyungi yote yanayojulikana duniani. Jani lake laweza kuwa na upana wa sentimita moja tu, na mmea mzima kwa kawaida hauzidi upana wa sahani, ilhali lipo yungiyungi la Amerika ya Kusini ambalo jani lake hupita mita mbili. Ua lake ni jeupe, lenye nyuzi za manjano katikati.

Jambo la ajabu ni mahali lilipoota. Halikuota ndani ya kilindi cha maji kama ndugu zake, bali juu ya tope lenye unyevu, pale maji ya chemchemi yalipofurika na kupoa hadi kufikia nyuzijoto 25 hivi. Makao yake yote yalikuwa eneo la mita chache za mraba. Kwa hiyo maji ya chemchemi yalipoelekezwa kwingine kwa matumizi ya watu, tope lile likakauka, na kufikia mwaka 2008 yungiyungi halikuonekana tena mahali pale. Hapana aliyelikusudia ubaya. Watu walihitaji maji, na mmea ulio mdogo kiasi kile haukuwa na wa kuusemea.

Lililookoa kizazi chake ni kwamba Fischer alikuwa amekwisha kupeleka mimea michache katika bustani ya mimea ya Bonn, Ujerumani. Kutoka huko mbegu na miche ikafika bustani ya Kew, mjini London. Hata hivyo, kazi ya kuikuza ilikuwa ngumu. Mbegu zilichipua chini ya maji, kama ilivyo desturi ya mayungiyungi, kisha miche ikadhoofika na kufa. Udongo ulibadilishwa, maji yakabadilishwa, joto likabadilishwa. Hali ikawa ile ile. Ndipo mtunza bustani Carlos Magdalena alipotafakari juu ya hewa ukaa. Ndani ya maji hewa hiyo huenea polepole sana kuliko inavyoenea hewani. Aliviweka vyungu ndani ya maji ya nyuzijoto 25, uso wa udongo ukawa sawasawa na uso wa maji, ili majani machanga yaguse hewa. Miche ikanenepa, na mwaka 2009 yungiyungi likachanua.

Masaibu yake hayakuishia hapo. Mwezi Januari 2014 mmea mmoja uliibwa katika bustani ile ile ya Kew. Lakini mwaka 2023 ilipatikana habari njema: yungiyungi hilo lilikutwa tena likiota lenyewe kusini magharibi mwa Rwanda, si mbali na makao yake ya kale. Kito kilichodhaniwa kimepotea kabisa kingali katika ardhi ya Rusizi, na kutunzwa kwake ni amana ya kila apitaye hapo.

Yungiyungi la Mashyuza si mmea wa kupandwa katika tangi la sebuleni, wala mtu asithubutu kwenda kulichimba. Faida yake kwa mwenye nyumba ni funzo: kabla ya kuulaumu mwanga, aulize kwanza mmea umezoea mahali gani, nao unakosa nini.

MAJI YA KUTIA TANGINI

Wengi walio karibu na ziwa hushawishika kuchota maji ya Kivu na kuyatia tangini. Yafaa wafahamu kwamba maji ya Kivu si kama maji ya mvua. Yana chumvi nyingi za madini, na tabia yake ni ya magadi. Kipimo chake cha pH karibu na uso wa ziwa hukaribia 9. Katika maji ya namna hiyo hewa ukaa iliyo huru huwa haba mno. Hapa pana kinaya kikubwa: vilindi vya ziwa hilo hilo vimebeba takriban kilomita 300 za ujazo za hewa ukaa, pamoja na 60 hivi za methani, lakini hewa hizo zimefungiwa chini kwa uzito wa maji yaliyo juu yake. Mmea ulio karibu na uso haufaidiki nazo.

Maji ya bomba ndiyo bora kwa mtu anayeanza. Kwa kuwa aghalabu hutiwa dawa ya klorini, yaachwe katika ndoo iliyo wazi kwa muda wa saa 24 kabla ya kutumiwa. Maji ya mvua nayo yafaa kuchanganywa humo, mradi paa na mfereji ni safi na mvua ya kwanza ya masika imekwisha kuosha vumbi.

Mawe ya kupambia yasichukuliwe ovyo. Sehemu za Bugarama zina mawe mengi ya chokaa, ndiyo maana kiwanda cha saruji kilijengwa huko. Jiwe la chokaa hufanya maji kuwa mazito na kuzidisha tabia ya magadi. Kulipima ni rahisi: jiwe hudondoshewa siki au maji ya ndimu. Likitoa mapovu, lina chokaa, liachwe nje. Jiwe lisilotoa povu lisuguliwe kwa brashi na maji matupu, bila sabuni.

MIMEA INAYOVUMILIA KIVULI

Katika msitu wa Nyungwe, jua halifiki chini isipokuwa kwa vipande vipande, na hata hivyo ardhi imefunikwa na majani mabichi. Mimea iliyozaliwa chini ya miti mikubwa hukua polepole na hutosheka na kidogo. Mimea ya tangi lenye kivuli hutafutwa miongoni mwa jamaa za namna hiyo.

Wa kwanza ni anubiasi, mmea wa vijito vya misituni katika Afrika ya Magharibi na ya Kati. Majani yake ni magumu, ya kijani kilichokolea, na samaki wengi hawayatafuni. Shina lake nene hutambaa juu ya mawe na magogo. Wengi huuua kwa wema: hulizika shina hilo katika changarawe, likaoza. Shina lifungwe juu ya jiwe kwa uzi wa pamba. Mizizi itajishikiza yenyewe baada ya miezi michache.

Wa pili ni kangaga la Java, na wa tatu ni kangaga la mitoni la Afrika liitwalo bolbitisi. Haya nayo hufungwa juu ya jiwe au gogo wala hayazikwi. Kangaga la Java lina tabia ya kuzaa watoto kwenye ncha za majani yake makuukuu. Watoto hao wakishatoa mizizi hukatwa na kufungwa mahali pengine, hivyo mmea mmoja hujaza tangi kwa muda.

Wa nne ni kriptokorine, wenye asili ya Asia ya Kusini, ambao hupandwa ndani ya changarawe. Ukihamishwa, huweza kupukutisha majani yote kwa siku chache kana kwamba umekufa. Asiyejua huung'oa na kuutupa. Mizizi ikiwa bado migumu, uachwe pale pale. Majani mapya huja baada ya wiki kadhaa. Subira huvuta heri.

Wa tano ni seratofilamu, mmea usio na mizizi ambao huota katika maziwa mengi ya ulimwengu, ya Afrika Mashariki yakiwamo. Huo huelea, hunyonya uchafu wa samaki kwa wepesi, nao huweza kutumia kaboni iliyofungamana na madini ya maji. Katika kivuli kikubwa sana hupukutika, kwa hiyo uwekwe upande ulio karibu na dirisha.

Mimea yenye majani mekundu, na ile mifupi inayotandaa kama zulia, iachwe. Hiyo hudai mwanga mkali pamoja na hewa ukaa inayotiwa kwa mtungi, na katika pembe yenye kivuli itampotezea mtu fedha.

KUPANGA TANGI

Kwa kuanzia, tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 35 latosha. Hubeba lita 60 hivi, na pamoja na changarawe na kioo chenyewe uzito wake hukaribia kilo 80. Meza ya kahawa haitaustahimili; fundi seremala atengeneze kistuli cha mbao ngumu kilichokaa sawasawa sakafuni.

Lisiwekwe mahali jua linapopenya moja kwa moja kupitia dirishani. Mtu aweza kudhani kwamba jua hilo litafidia kivuli cha chumba, kumbe saa mbili za jua kali hulisha ukoga na kupandisha joto kwa ghafula. Taa ndogo ya LED ya wati 6 hadi 10 yatosha kwa tangi la kiasi hicho. Iwashwe kwa saa 6 hadi 8 kila siku, kwa nyakati zile zile. Ukoga ukianza kuongezeka, punguza saa moja, usiongeze dawa.

Changarawe laini ioshwe mpaka maji yatoke meupe, kisha itandazwe kwa kina cha sentimita 5. Mbolea ya ng'ombe au ya shambani isitiwe kamwe, kwa maana itaoza na kuwaua samaki. Kwa mimea hii, uchafu wa samaki wenyewe hutosha kuwa mbolea kwa sehemu kubwa.

Kamembe iko juu, zaidi ya mita 1,460 ambazo ni kimo cha uso wa Ziwa Kivu, na usiku wake huwa na ubaridi. Mimea iliyotajwa hupenda nyuzijoto kati ya 22 na 28. Kipimajoto kitiwe tangini tangu siku ya kwanza. Ikiwa asubuhi huteremka chini ya 20 mara kwa mara, tangi lisogezwe mbali na mlango wa uani na lifunikwe usiku, au itumiwe hita ndogo ya majini. Umeme ukikatika, mimea haitadhurika kwa siku moja ya giza. Wa kuangaliwa ni samaki, hasa chujio likisimama kwa saa nyingi. Hapo maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa tena polepole mara kwa mara ili yapate hewa.

Samaki wasitiwe siku ile ile. Mimea ikae peke yake kwa wiki nne hadi sita, maana vijidudu vyenye faida, vinavyogeuza uchafu wenye sumu kuwa chakula cha mimea, huchukua muda huo kuzaana. Kisha watiwe samaki wadogo wawili au watatu, na wengine baadaye. Kila wiki robo ya maji itolewe na kuwekwa maji mengine yaliyotuama. Majani yaliyooza yakatwe kwa mkasi. Jani moja jipya la anubiasi kwa mwezi ni dalili ya afya, si ya udhaifu. Haba na haba hujaza kibaba.

Pia yafaa kukumbuka kwamba usiku mimea haitoi oksijeni, bali huitumia. Samaki wakionekana alfajiri wakihema kwenye uso wa maji, idadi yao imezidi au taka zimekithiri tangini.

HATARI MBILI

Hatari ya kwanza ni ya kuingiza. Mimea iliyokusanywa kando ya ziwa, bwawa au mfereji huweza kuja na konokono, na miongoni mwa konokono wa maji baridi wako wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo hupenya ngozi ya mtu mzima au mtoto anayetumbukiza mkono majini. Mtoto aliyefurahia bustani ya majini asilipe furaha hiyo kwa ugonjwa. Ni afadhali kununua mimea iliyokuzwa tangini. Hata hiyo, kama ni ya majani magumu kama anubiasi, na itumbukizwe kwa dakika mbili katika mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe isiyotiwa manukato na sehemu 19 za maji, kisha isuuzwe vizuri mara kadhaa na kulowekwa katika maji safi. Seratofilamu na mimea mingine laini haistahimili dawa hiyo; ichunguzwe jani kwa jani, na yenye shaka itupwe. Tena mimea ya Nyungwe ni ya hifadhi ya taifa, haichumwi.

Hatari ya pili ni ya kutoa, nayo ni kubwa zaidi kwa kuwa haimdhuru mwenye tangi peke yake. Mtu akichoka na bustani yake asiimwage ziwani wala katika mfereji unaoteremka kwenda ziwani. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilisambazwa ulimwenguni kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Katika miaka ya 1990 lilifunga bandari na kuwazuia wavuvi katika Ziwa Victoria. Kivu lenyewe limekwisha kubadilishwa na mkono wa mtu: sambaza wanaoliwa leo Kamembe na Bukavu waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hao waliletea watu kitoweo, lakini si kila mgeni huja na kitoweo. Tena kinachoangukia Kivu hakiishii Kivu, kwa sababu Mto Rusizi huanzia hapo hapo kati ya Rusizi na Bukavu, ukateremka hadi Tanganyika. Kosa la nyumba moja laweza kusafiri katika nchi tano.

Mimea iliyozidi ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, kisha ifukiwe katika shimo la mboji. Maji machafu ya tangi yamwagiwe migomba au mchicha. Ni mbolea nzuri isiyo na gharama. Samaki wasiotakiwa wapewe jirani mwenye tangi.

Mita chache za tope zilitosha kuhifadhi mmea usiokuwa na mfano duniani, na mfereji mmoja ulitosha kuufukuza. Tangi la lita 60 katika pembe ya sebule ni dogo vilevile, na mwenye kulitunza atajifunza humo jambo ambalo haliishii ndani ya kioo: kwamba kila kiumbe cha majini kina kipimo chake cha mwanga, cha hewa na cha mahali. Mtoto anayezoea kukagua kipimajoto kila asubuhi kabla ya kwenda shule, atakapopita Mashyuza siku moja na kuona jani dogo la kijani juu ya tope, atajua kuchagua mahali pa kukanyaga.